UZI: Kipandikizi cha usikivu na mwendo wa wazee wetu – kwa nini mzee anasikia lakini bado anayumba

Mizani_Unguja (mwanzisha uzi)

Assalaam alaykum wanajukwaa.

Suala hili limekuwa likiulizwa ndani ya nyuzi nyengine na kujibiwa nusunusu, kwa hivyo nimelifungulia uzi wake. Familia inachanga, mzee anavushwa Dar, anapandikiziwa kifaa cha usikivu, anarudi anasikia adhana na anaitikia hodi ya mlangoni. Lakini akitoka ukumbini kwenda msalani bado anapapasa ukuta. Hapo maneno huanza: mara operesheni imeharibika, mara mzee anajidekeza. Aghlabu si hili wala si lile.

Sikio la ndani ni vyombo viwili vilivyokaa ndani ya mfupa mmoja. Cha kwanza ni koklea, iliyojizungusha kama gamba la konokono mizunguko miwili na nusu hivi, na kazi yake ni kusikia. Cha pili ni chombo cha mizani: mifereji mitatu inayohisi kichwa kikigeuka, na vifuko viwili vinavyohisi mwili ukienda mbele, kando, juu au chini. Vyombo hivi vinachangia maji ya ndani, vinachangia mshipa wa damu, na habari zao zinafika kwenye ubongo kwa mshipa mmoja wa fahamu, ule wa nane. Ndiyo maana uzee, maradhi au dawa kali iliyoharibu usikivu mara nyingi imekwishaigusa na mizani. Kipandikizi kinaingia kwenye koklea peke yake. Hakuna waya wake unaokwenda kwenye mizani.

Kuna na upande wa akili. Asiyesikia vizuri anatumia nguvu nyingi kubahatisha maneno. Kijana hutembea bila kufikiri, lakini mtu wa miaka 75 kila hatua inamla sehemu ya akili yake. Akitembea huku anahangaika kuelewa anachoambiwa, kimoja kitapungukiwa, na mara nyingi ni miguu. Mumewaona wazee wanaosimama kabisa ili wakujibu? Wataalamu wa wazee wanaitambua dalili hiyo tangu miaka ya 1990, nayo inaashiria hatari ya kuanguka.

Na jambo ambalo halizungumzwi sana: sauti zenyewe ni nguzo. Feni inayovuma kwenye kona, mwangwi wa uchochoro, mburuzo wa ndara zako mwenyewe sakafuni, vyote vinaujuza mwili uko wapi. Zikinyamaza, mzee anabaki na macho na nyayo tu.

Mwaka 2012 watafiti Frank Lin na Luigi Ferrucci walichapisha uchambuzi wa watu zaidi ya 2,000 wa Marekani wenye umri wa miaka 40 hadi 69. Kila desibeli 10 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) za usikivu zilizopotea ziliambatana na uwezekano wa kuanguka kuzidi mara 1.4. Kuambatana si kusababisha, lakini inatosha kutulazimisha tunaposhughulika na masikio ya mzee tuulize na habari za miguu.

Wenye ujuzi wa masikio, viungo na vifaa, karibuni tuelezane kwa kina.

Mwana_Micheweni

Wa alaykum salaam Maalim. Kabla hatujafika mbali tutenganishe vitu. Huku Pemba kila kitu kinaitwa "mashine ya masikio". Kipi ni kipi, na nani hasa anafaa kupandikiziwa?

Desibeli

Suala la msingi, ndugu.

Shimesikio, ile mashine ya kuvaa na kuvua, inakuza sauti. Inategemea vinyweleo vya koklea, yaani chembe ndogo zinazopokea sauti, vilivyobaki hai. Kipandikizi hakikuzi sauti: kinaviruka vinyweleo vilivyokufa na kuusisimua mshipa wa fahamu kwa umeme. Nje kuna prosesa inayokaa nyuma ya sikio, yenye maikrofoni na betri, halafu waya mfupi na koili ya mviringo yenye sumaku. Ndani, chini ya ngozi, kuna kipokezi chenye sumaku ya pili na uzi mwembamba wenye elektrodi 12 hadi 22 kutegemea mtengenezaji, unaosukumwa ndani ya koklea. Operesheni ni ya nusukaputi, kiasi cha saa mbili hadi tatu, na daktari hupekecha mfupa wa nyuma ya sikio ili afike.

Kifaa hakiwashwi siku ile ile. Kwa kawaida husubiriwa wiki 2 hadi 4 kidonda kipoe. Katika muda huo sikio lile halisikii kitu, na usikivu kidogo uliokuwemo unaweza kupotea moja kwa moja. Familia iambiwe mapema, isije ikadhani mzee kaharibiwa. Hata kikiwashwa, sauti za mwanzo ni milio na mikwaruzo kama redio iliyo nje ya kituo, na ubongo unahitaji miezi 3 hadi 12 ya kujifunza.

Nani anafaa? Shirika la Afya Duniani linapanga hivi kwa sikio linalosikia vizuri zaidi: desibeli 20 hadi 34 upungufu mdogo, 35 hadi 49 wa wastani, 50 hadi 64 wa wastani uliozidi, 65 hadi 79 mkubwa, 80 hadi 94 mkubwa sana, 95 na kuendelea kutosikia kabisa. Uingereza tangu 2019 inatazama desibeli 80 au zaidi katika masafa (viwango vya uzito na wembamba wa sauti) mawili au zaidi kati ya 500 na 4000 hezi, masikio yote mawili, na shimesikio liwe limejaribiwa kwa dhati likashindwa. Umri peke yake si kizuizi.

Kwa hivyo wazee wetu wengi si wa kupandikiziwa. Ni wa shimesikio. Na wengine ni wa kutolewa nta tu. Sikio litazamwe kwanza! Nta iliyoganda hulainishwa kwa matone 2 au 3 ya mafuta ya zeituni, mara 3 au 4 kwa siku, siku 3 hadi 5, alimradi sikio halitoi usaha na kiwambo hakijatoboka. Pamba za vijiti na njiti za kibiriti zinaisukuma ndani.

Jambo moja la dharura: mzee akiamka sikio moja limezibika ghafla na hakuna nta, huo si uzee. Apelekwe siku hiyo hiyo. Dawa za kuokoa usikivu hufanya kazi vyema zikianzwa mapema, na baada ya wiki mbili nafasi inapungua sana. Ikifuatana na uso kupinda, ulimi mzito au mkono kulegea, ni dharura ya kiharusi, isingoje hata saa.

Kisiwa_Panza

Naomba nipinge kidogo. Kama kusikia kunapunguza mzigo wa akili, basi kipandikizi kinapaswa kuboresha na mwendo. Sikio likifunguka, na miguu itafunguka. Si ndiyo mantiki?

Mizani_Unguja

Mantiki ni nzuri lakini ina nusu moja, Sheikh.

Kwa upande wa shimesikio una hoja. Jaribio la ACHIEVE la Marekani liliwafuatilia watu 977 wa miaka 70 hadi 84 kwa miaka mitatu. Kundi lililopewa shimesikio pamoja na mafunzo ya kulitumia lilikuwa na mianguko michache zaidi, pungufu kwa kiasi cha asilimia 27. Lakini shimesikio halitobolewi mfupa. Kwenye kipandikizi nguvu mbili zinavutana. Huku akili inapata nafuu, kule uzi wa elektrodi unapita jirani kabisa na kile kifuko cha chini cha mizani, ambacho ndicho kinachodhurika zaidi wakati wa kupandikiza. Tafiti za vipandikizi na mwendo wa wazee ni za watu wachache, na matokeo hayaelekei upande mmoja: wamo waliopata nafuu, wamo waliobaki vile vile, wamo waliopoteza sehemu ya mizani.

Ahadi ya haki kwa mzee ni kusikia maneno. Mwendo ni kazi nyengine, yenye vipimo vyake na mazoezi yake, na ianze kabla ya operesheni. Tukiziunganisha ahadi hizi mbili tunamdanganya.

Fizio_Chake

Naunga mkono, na nieleze vipimo vyenyewe kwa sababu vingi vinafanyika barazani bila mashine. Munahitaji futi ya kupimia, chaki, saa ya simu, na kiti kigumu cha urefu wa sentimita 45 hivi, kisicho cha magurudumu. Mtu mmoja awe karibu na mzee muda wote.

Kasi ya mwendo. Chora mstari wa kuanzia, mwengine mita 4 mbele. Mzee aanze kutembea mita moja nyuma ya mstari wa kwanza na asisimame ila mita moja baada ya wa pili, ili usipime kuanza na kusimama kwake. Mwendo wake wa kawaida, na bakora yake kama anayo. Mita 4 kwa sekunde 4 ni mita 1 kwa sekunde, vizuri. Ikifika sekunde 5 na zaidi, yaani mita 0.8 kwa sekunde kushuka chini, mwendo ni dhaifu na unahitaji kushughulikiwa.

Kisha rudia huku anataja majina ya samaki kwa sauti: changu, tasi, nguru, jodari, pono. Hapa ndipo siri inapotoka. Tuseme peke yake alitumia sekunde 5, na kwa majina ya samaki sekunde 6.7. Kasi imeshuka kutoka 0.8 hadi 0.6, robo nzima imeliwa na akili. Mtu wa namna hii asiongeleshwe anaposhuka ngazi. Mufanye vipimo vyote viwili kifaa kikiwa kimewashwa, kisha kimezimwa, na muandike tarehe. Bila ya namba za kabla ya operesheni hakuna atakayejua kama operesheni imeongeza, imepunguza au haikugusa kitu.

Kuinuka na kwenda. Anainuka kwenye kiti, anakwenda mita 3, anageuka, anarudi, anakaa. Zaidi ya sekunde 12 ni hatari ya kuanguka. Msitazame saa tu, tazameni anavyogeuka. Anayegeuka kwa hatua nyingi ndogondogo, au anayeyumba pale pale kwenye kugeuka, mizani yake ya sikio inatiliwa shaka.

Kipimo cha godoro ndicho kinachotenganisha mambo. Mwili unajua wima kwa njia tatu: macho, nyayo na sikio. Mzee asimame kwenye pembe ya ukuta, kiti mbele yake, miguu pamoja. Kwanza sakafuni macho wazi, sekunde 30. Halafu sakafuni macho yamefumbwa. Halafu juu ya kipande cha godoro la sponji nene macho wazi. Mwisho juu ya godoro macho yamefumbwa. Akiyumba hatua ya mwisho tu, maana yake macho na nyayo zikiondolewa sikio halina la kusema. Akiyumba hata sakafuni mara tu akifumba macho, fikirieni nyayo, khasa mwenye kisukari: huenda ganzi imepanda.

Sasa mulitie hilo godoro katika maisha. Alfajiri, umeme umezimika, mzee anatoka kwenda msikitini kwa njia ya mchanga. Giza limemtoa macho, mchanga umemtoa nyayo. Amebakiwa na sikio peke yake, na sikio ndilo bovu. Watu hushangaa mchana anatembea vizuri na alfajiri anaanguka. Hapana cha kushangaa.

Bi_Kidonda

Kutoka upande wa wodi, mambo yanayosahauliwa.

Kabla ya operesheni muulize daktari: mizani ya masikio yote mawili imepimwa? Si kusikia, mizani. Hupimwa kwa kumtia sikioni maji ya nyuzi 30 kisha ya 44 na kutazama macho yanavyocheza, au kwa kumzungusha kichwa kwa ghafla kidogo huku anatazama sehemu moja. Sababu ni hii: ikiwa sikio la kulia limekufa mizani na la kushoto ndilo linalomshika, kisha ukapandikiza kushoto, unaweza kumwacha hana mizani kabisa pande zote. Mtu huyo akitembea dunia yote inarukaruka machoni, hawezi kusoma kibao cha daladala mpaka asimame. Sikio la kupandikiza lichaguliwe kwa kutazama vyote viwili.

Chanjo ya bakteria wa nimonia itangulie, angalau wiki mbili kabla, kwa sababu mwenye kipandikizi ana hatari zaidi ya homa ya uti wa mgongo. Baada ya operesheni, homa kali na shingo kukakamaa si ya kungojea asubuhi.

Kizunguzungu cha siku chache hadi wiki chache baada ya operesheni ni cha kawaida. Kwa hivyo siku ya kwanza asiinuke peke yake. Akae ukingoni mwa kitanda dakika mbili, miguu chini, ndipo asimame, na msaidizi awe kando. Dawa za kuzuia kizunguzungu zitumike siku chache tu. Zikiendelea wiki kwa wiki zinaulaza ubongo ambao unatakiwa ujifunze kujisawazisha upya, na mzee anabaki na usingizi na kuyumba.

Na presha ipimwe amelala, kisha amesimama, ndani ya dakika 3. Ile namba ya juu ikishuka 20 au zaidi, au ya chini ikishuka 10, kuyumba kwake kunaweza kuwa ni dawa za presha, wala si sikio.

Kisiwa_Panza

Nimekuelewa Bi, nimerudi nyuma. Lakini kuna kile kizunguzungu cha akilala tu au akijigeuza kitandani, chumba kinazunguka nusu dakika kisha kinaacha. Hicho nacho ni cha operesheni?

Fizio_Chake

Hicho ni kisulisuli cha punje, na ni katika vichache tunavyoweza kuviondoa kwa mikono. Ndani ya kile kifuko cha juu cha mizani mna punje ndogo za chokaa. Uzeeni zinang'oka zenyewe, na mtikiso wa kupekecha mfupa nao unaweza kuzing'oa. Zikiangukia kwenye mfereji wa nyuma, kila kichwa kikilala zinaviringika na kuudanganya ubongo.

Kwa sikio la kulia: mzee akae kitandani miguu imenyooka, kichwa kigeuzwe nyuzi 45 kulia. Alazwe haraka chali, kichwa kikining'inia kidogo chini ya usawa wa kitanda. Kizunguzungu kitakuja, macho yatacheza. Ngojeni kiishe, kisha sekunde 30 zaidi. Kichwa kigeuzwe nyuzi 90 kuelekea kushoto, sekunde 30 hadi 60. Halafu mwili wote ulale ubavu wa kushoto na uso uelekee sakafuni, muda ule ule. Kisha akae taratibu, kidevu kimeinama. Kushoto ni kinyume chake.

Mara ya kwanza afanyiwe na mtaalamu, kwa sababu kinachoharibu ni kugeuza upande usio wake au kumkalisha kabla ya punje kutulia. Mwenye maradhi ya shingo, aliyewahi kupata kiharusi, au aliyepandikiziwa wiki hizi asifanyiwe nyumbani.

Fundi_Betri

Mukimaliza punje, tuje kwenye kifaa. Mengi yanayoitwa "mzee anakataa kuvaa" ni kifaa kibovu, na kifaa kisichovaliwa hakimsaidii mwendo hata hatua moja.

Hewa yetu ina chumvi na unyevu. Jasho linaingia kwenye maikrofoni, mvuke unajaa kwenye mrija wa shimesikio, sauti inafifia kidogokidogo mpaka mzee anavua kwa kuchoka. Kila usiku kifaa kifutwe kwa kitambaa kikavu, mlango wa betri ubaki wazi, kitiwe kwenye kopo lenye mfuniko mkali na punje za silika. Punje zikibadilika rangi zimeshiba maji, zibadilishwe. Mchele haufai, vumbi lake linaziba matundu. Mrija wa plastiki wa shimesikio ubadilishwe kila miezi 3 hadi 6. Ukiukunja ukawa mgumu kama kijiti, umekwisha.

Betri za hewa zina rangi za kibandiko: namba 10 njano, 312 kahawia, 13 chungwa, 675 buluu. Ukitoa kibandiko ngoja angalau dakika moja kabla ya kuitia, hewa iingie. Ukiitia mara moja inakufa mapema. Kibandiko hakirudishwi. Prosesa za kipandikizi zinazotumia betri za hewa kwa kawaida zinataka 675 ya nguvu zaidi; ile ya kawaida ya shimesikio inaingia vizuri lakini umeme hautoshi, kifaa kinazimika katikati ya njia. Hili ni kosa la kila siku madukani.

Koili na mavazi. Kofia ya kiua ikikaa juu ya koili sawa, lakini isiifunike maikrofoni. Ushungi mzito ukisugua maikrofoni unatoa mkwaruzo unaofunika maneno. Sogezeni mkunjo nyuma ya sikio. Akisujudu na koili ikadondoka, sumaku ni dhaifu au nywele ni nyingi pale. Lakini musikimbilie sumaku ya nguvu. Kila jioni itazameni ngozi ya chini ya koili. Wekundu usioondoka baada ya saa moja, au ngozi inayouma, maana yake sumaku inabana mno, na ngozi ya mzee inaweza kuchanika. Mtaalamu hupunguza nguvu yake.

Wakati wa udhu prosesa ivuliwe kabla ya maji, iwekwe kwenye mfuko wa kanzu wenye kifungo, si ukingoni mwa birika. Kisha avae kabla hajatoka pale penye maji, maana hapo ndipo panapoteleza.

Mwana_Micheweni

Na mazoezi? Anayesema "mzee atembee tembee" anatosha?

Fizio_Chake

Hatoshi. Kutembea tu hakurudishi mizani. Inatakiwa mazoezi ya kuyumbisha kwa usalama na ya kutia nguvu mapaja, siku 3 au zaidi kwa wiki.

La macho: bandika herufi kubwa ukutani, usawa wa macho, umbali wa mita moja. Mzee atazame herufi huku anatikisa kichwa kulia na kushoto kama anayekataa, kwa kasi ambayo herufi bado inasomeka. Sekunde 30, apumzike, kisha juu na chini. Mara 3 kwa siku. Aanze amekaa, wiki ya pili asimame akiwa na kiti mbele. Kizunguzungu kidogo kinachoisha ndani ya dakika chache ndicho kinachofundisha ubongo. Kikidumu zaidi ya nusu saa, mumezidisha.

La miguu: kuinuka kitini bila kushika, mara 5 mwanzo, kufika 10, seti 2. Kuinua visigino akishika dirisha, mara 10. Kusimama mguu mmoja mbele ya mwengine, kisigino kikigusa vidole, sekunde 10 kila upande. Akimudu, afanye juu ya mkeka uliokunjwa mara mbili.

Mwisho, la masikio na miguu pamoja, linalosahauliwa kwa wenye kipandikizi: atembee ukumbini huku msaidizi anamsomea majina au hesabu ndogo na yeye anajibu. Kwanza mazingira kimya, baadaye redio ikiwa imewashwa. Haya yaanze pale anapoelewa maneno akiwa amekaa. Kabla ya hapo ni mateso.

Mkunazini_Ndani

Kwa sisi wa Mji Mkongwe kuna hatari nyengine. Vespa ikipiga honi kwenye uchochoro, mzee wa kipandikizi kimoja anaisikia lakini haijui inatoka wapi. Anageuza kichwa huku, anageuza kule, na kwenye kugeuka ndipo anapokwenda chini.

Desibeli

Umegusa penyewe. Ubongo unajua upande kwa kulinganisha masikio mawili: sauti ya kushoto inafika sikio la kulia ikiwa imechelewa chini ya elfu moja ya sekunde, na imepungua nguvu. Sikio moja halina cha kulinganisha, na ukuta wa mawe unarudisha mwangwi kutoka kila upande. Dawa ya kwanza: kama sikio la pili bado lina usikivu, livishwe shimesikio. Ya pili ni desturi: akisikia honi asitafute. Asimame, mkono ukutani, mgongo kwenye baraza, chombo kipite. Na msaidizi atembee upande wa sikio lenye kifaa, si upande uliokufa.

Mizani_Unguja

Niongeze la bakora kwa sababu nyingi zinakatwa kwa kukisia. Mzee asimame amevaa viatu, mikono imening'inia. Kichwa cha bakora kifike kwenye kiungo cha kiganja, ili akishika kiwiko kikunjike kidogo. Ikiwa mguu mmoja ni mbovu, bakora inashikwa mkono wa upande mzima. Mpira wa chini ukisagika, utupwe. Ndara zisizo na mkanda wa nyuma zibadilishwe na kiatu kinachofunga kisigino. Kizingiti kipakwe rangi nyeupe. Mkeka wenye ncha zilizonyanyuka utoke njiani.

Na dawa, tafadhali. Sindano za gentamaisini, dawa ya kuua bakteria, zinaweza kuiua mizani hata pale usikivu ulipobaki. Streptomaisini, iliyotumika sana zamani kwa kifua kikuu, ni hivyo hivyo. Mwenye figo dhaifu hatari ni zaidi. Mzee aliyeanza kuyumba baada ya kulazwa, cheti cha dawa kitazamwe.

Mwana_Micheweni

La mwisho kwangu. Muhimbili wanapandikiza tangu 2017, na wa huku ataanzia Mkoani, apande boti mpaka Unguja, kisha Dar, na marudio ya kurekebisha kifaa ni mengi. Tumtayarishe vipi kwa safari?

Bi_Kidonda

Anzeni na barua ya rufaa kutoka hospitali ya karibu au kitengo cha masikio, pua na koo cha Mnazi Mmoja, mukiwa na karatasi ya kipimo cha usikivu. Marudio ni mengi khasa mwaka wa kwanza, kwa hivyo hesabuni nauli za watu wawili tangu mwanzo, si za operesheni tu. Pale pale muulize tarehe za marudio ya mwaka mzima.

Kurudi baada ya operesheni kusubiri ruhusa ya daktari na mpaka aweze kuinuka na kugeuka bila chumba kuzunguka. Msimu wa kusi mkondo unachafuka. Kama tarehe inaweza kusogezwa, isogezwe. Ndani ya boti akae katikati, chini, uso mbele, atazame upeo wa bahari, asitazame simu.

Kadi ya kipandikizi ikae pamoja na kitambulisho. Popote atakapotakiwa picha ya MRI, ile inayopigwa kwa mashine ya sumaku kubwa, aionyeshe kwanza, kwa sababu ya sumaku iliyomo kichwani, na atakapopasuliwa kitu kingine daktari ajue, maana baadhi ya vifaa vya umeme vya kuzuia damu vinaweza kukiharibu kifaa.

Kwenye ngazi ya boti musimvute mkono. Yeye ndiye ashike mkono wa msaidizi, na msaidizi awe nusu hatua nyuma yake, upande dhaifu. Na prosesa iwe sikioni, imewashwa, betri mpya. Wengi huivua bandarini kwa kuogopa maji ya chumvi, wakaitia mkobani, na mzee anapanda ngazi inayotikisika bila kusikia anayemwambia "ngoja". Ivaliwe mpaka akae kitini, ndipo ifunikwe.